Bidoni la Mafuta Mekundu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Siku yaya, dada yangu mkubwa, alipoingiza garajini kwangu hapa Kasongo jeep aliyoinunua Kalemie, nilichungulia chini ya usukani, nikaona pedeli mbili tu, nikamuuliza kama ile ya tatu wameila.

"Hii inabadilisha vitesi yenyewe," akasema. "Iko otomatiki."

"Iko ya wavivu," nikamjibu.

Miaka ishirini nimefungua motere za pikipiki na malori. Bwate ya vitesi ya kawaida, yaani giaboksi, naifungua na kuifunga huku napiga gumzo. Hii ya kujibadilisha yenyewe sikuwahi kuigusa, lakini nani angekubali kusema hivyo mbele ya dada yake? Hata zile herufi kando ya mkono wa vitesi, P, R, N, D, kila aliyepita alizisoma alivyotaka. Muuza mikate aliapa kwamba N ni nyuma. Sikumcheka sana, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimedhani D ni derrière, nyuma vilevile.

Gari lile lilikuwa na kazi moja, kumleta mama. Mama anakaa Kabambare, na mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili kwa miaka minne. Madaktari wa macho walikuwa wamefika Kasongo, wangepasua watu hadi Jumamosi, kisha waende zao. Kama wangerudi, hakuna aliyejua ni lini. Na pikipiki mama hapandi tena tangu ilipomwangusha kwenye daraja la miti. "Mutanibeba na pikipiki siku nitakuwa maiti," alisema, na mama akisema kasema.

Jumanne nikalikagua gari. Kwetu mafuta hupimwa motere ikiwa imelala. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyofundisha. Yaya alikuwa ameiacha ikinguruma.

"Zima!" nikamfokea.

"Lakini yule fundi wa Kalemie..."

"Fundi gani? Zima, nimesema!"

Akazima, akaenda zake sokoni kununua mchele wa safari. Nikasubiri kidogo, nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya bwate. Mafuta mekundu, safi, lakini yalikuwa yamepita alama ya juu kwa vidole viwili. Nikawatukana watu wa Kalemie kwa kujaza ovyo, nikaingia chini ya gari, nikalegeza skrubu, nikapunguza lita mbili kwenye beseni safi mpaka kijiti kikasema sawa. Yale niliyotoa nikayatia kwenye bidoni, dumu kuukuu la plastiki, na kulisukuma chini ya meza, maana mimi situpi kitu. Yaya aliporudi sikumwambia. Ningemwambia nini, kazi ya fundi?

Jumatano asubuhi tukaondoka, yeye kwenye usukani. Kwenye mlima wa kwanza nje ya mji motere ikapiga kelele, gari likasita, likapanda kidogo, kisha likaanza kurudi nyuma. Yaya akakanyaga freni kwa miguu yote miwili. Tukageuza, tukarudi garajini polepole, vijana wa pikipiki wakitupigia miluzi.

"Bwate imekufa," nikasema. "Walikuuzia maiti, yaya. Mafundi wa vitu hivi wako Bukavu, si hapa."

Akakaa juu ya tairi kuukuu, akajifunika uso kwa kitenge. Yaya wangu si mtu wa kulia ovyo.

"Basi mama atakufa bila kuona," akasema.

Gari lile lilikuwa limepanda milima yote kutoka Kalemie bila kulalamika, na nilijua vizuri ni nani aliyeligusa tangu lifike.

"Yule fundi wa Kalemie alifanya nini?"

"Sasa ndiyo unauliza?" Akafuta pua. "Aliacha motere ikinguruma mpaka ikapata moto. Akakanyaga freni, akapitisha mkono kwa kila herufi, moja moja, akarudisha kwa P. Ndiyo akachomoa kijiti. Motere haikuzimwa hata kidogo."

Ee Mungu wangu! Masikio yaliniwaka. Kumbe motere ikilala, mafuta yote hushuka chini na kijiti kinadanganya. Ikiamka, bwate inayavuta juu, na hapo ndipo kijiti kinasema kweli. Hapakuwa na ziada yoyote.

"Yaya, nilipunguza," nikasema. "Jana, ukiwa sokoni. Lita mbili."

"Mujinga weye!" Akanichapa na kitenge shingoni, mara mbili. "Na sasa utayatoa wapi? Kasongo muzima hakuna mafuta ya hivi!"

Ni kweli, hayakuwapo. Nikapiga magoti, nikavuta bidoni kutoka chini ya meza. Yaya, aliyenisimanga miaka yote kwa kulimbikiza takataka, akalitazama lile bidoni, akaanza kucheka huku machozi yakiendelea kumtoka.

Nikachuja mafuta kwa kitambaa safi, nikakata chupa ya plastiki iwe faneli ya kumiminia. Safari hii yaya ndiye aliyetoa amri. "Washa. Freni. Pitisha mkono. Rudisha P. Pima." Nikaongeza kidogo kidogo, motere ikinguruma, mpaka mafuta yakafika alama ya juu kwenye kijiti. Yaya alipokaa kwenye usukani na kuweka D, ile ya kwenda mbele, gari likavuta papo hapo. Kesho yake alfajiri tukaondoka tena, na kwenye ule mlima sikupumua mpaka tukafika juu, na huko yaya akapiga vigelegele peke yake ndani ya gari. Nami nilifurahi, wacha nisidanganye.

Usiku huo wa Alhamisi tukalala Kabambare. Ijumaa tukarudi na mama kwenye kiti cha mbele, na yaya akamsimulia yote, hakuacha hata neno. Mama alicheka mpaka tukafika kijiji cha Lusangi.

Jumamosi alipasuliwa jicho moja, wa mwisho kabisa kwenye orodha. Jumapili asubuhi, kabla ya kuondoka, madaktari wakamfungua bandeji. Nilikuwa nimechuchumaa mbele yake, mikono yangu magotini pake. Akapepesa jicho, akainama, akaitazama mikono kwanza kabla ya uso.

"Huku Kasongo hamuna maji?" akasema. "Enda unawe."

"Ndiyo, mama," nikasema. Lakini sikuondoka. Niliiacha mikono palepale, aitazame.