Viatu vya Kumshusha Unyoya

Fundi viatu alikuwa mwanamke wa mikono myepesi na mdomo usio na breki. Siku dada yake alipomleta bintiye wa miaka minne karakanani, hakuuliza hata namba ya mguu. Alimtazama tu anavyotembea. Mtoto alikwenda kwa ncha za vidole, visigino vikielea hewani. Ndiyo maana nyumbani walimwita Unyoya.

"Daktari wa viungo anasema misuli ni mizima, ni mazoea tu," dada alieleza. "Anahitaji wa kumkumbusha ashushe visigino. Mimi nimekumbusha mpaka sauti imekauka."

"Basi tutafute kitu kisichokauka sauti," fundi akajibu. Macho yake yalikuwa yameshatua kwenye bata wa plastiki aliyebanwa kwapani mwa mtoto, yule ukimminya analia.

Alinunua bata wengine kama yule, akawapasua bila huruma, akatoa filimbi zao. Kabla ya kumvisha mtoto, alizipachika kwanza kwenye visigino vya viatu vya mumewe, mwalimu wa hesabu mwenye mwili wake, aone kama zitastahimili. Mume akazunguka sebuleni, viatu vikilia kwii, kwii, uso umekunjamana. Zilistahimili vizuri. Tatizo ni kwamba fundi alisahau kuzitoa.

Kesho yake mume alirudi kutoka kazini amelowa jasho.

"Mke wangu, unanitafutia nini? Nimesimamia mtihani mzima kwa ncha za vidole! Wanafunzi wanadhani nawanyemelea."

Fundi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha kicheko kikamkatika. Kumbe mwenye aibu ataikimbia sauti, na kuikimbia ni kuinua visigino! Akampigia dada yake simu papo hapo.

"Viatu vikilia, mshangilieni mtoto. Hata vichwa vikiwapasuka, mshangilieni."

Viatu vya mtoto vilipofika, wakamshangilia. Unyoya alikanyaga, kwii, akashtuka, akajitazama miguu, akakanyaga tena kwa nguvu. Kuanzia hapo nyumba haikuwa na amani. Bibi yake alivumilia hadi saa ya chakula, akabeba sahani yake akaenda kula kwa jirani.

Baada ya wiki, daktari wa viungo alikuja karakanani mwenyewe, amemshika Unyoya mkono. Mtoto alikuwa anatembea kwa visigino vitupu, vidole vikitazama dari, kama anayepita kwenye sakafu ya moto.

"Fundi, nilitaka ashuke," alisema, akijikaza asicheke. "Wewe umempindua."

"Mamdogo, sikia!" Unyoya akapiga kelele, akawazunguka wote wawili. Kwii, kwii, kwii.

Fundi akavifumua viatu vile. Kisigino akakiachia filimbi yake, na mbele, chini ya vidole, akapachika nyingine yenye sauti nzito. Sasa wimbo haukukamilika mpaka unyayo wote ulale: kwii-kwaa. Unyoya hakuwa mtu wa kuacha wimbo nusu. Alikwenda kwii-kwaa sokoni, kwii-kwaa kliniki, na miguu ikazoea bila yeye kujua.

Viatu vilipombana, fundi alichora unyayo wake kwenye karatasi, akafungua kopo la filimbi.

"Hizo za watoto wadogo, Mamdogo," Unyoya akamkatiza, amesimama wima, visigino chini. "Mimi nataka vya kuwaka taa."