Walimwita Paka Mnene

Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari mjini Mwanza. Jioni nikitoka shule nafundisha tuisheni nyumbani kwangu Nyegezi, kwenye nyumba ya kupanga, kwa sababu mshahara wa mwalimu haukufika popote. Ndiko alikonikuta yule mama. Aliingia na kitenge cha bluu na ndala miguuni, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili wakasimama wakidhani ni mzazi wa mmoja wao.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Kaeni, wanangu. Na mimi nimekuja kusoma."

Alikaa benchi la nyuma mpaka nikamaliza kipindi. Wanafunzi walipoondoka akatoa kwenye pochi kipande cha boksi la sigara. Alikuwa ameandika neno jinsi alivyolisikia: FATI KETI.

"Mwalimu, hili maana yake nini?"

Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa ananunua sangara kwenye mialo, fukwe za wavuvi, ya upande wa Sengerema, anawavusha kwa pantoni pale Busisi, na kuwauza kwenye kiwanda cha minofu mjini. Mumewe alifariki watoto wakiwa wadogo, akaanza na beseni moja kichwani. Sasa alikuwa na pikapu mbili. Mitaani walimwita mzito, kigogo, mwenye nazo, na wengi waliyasema hayo kwa heshima.

"Nani amekuita hivyo?" nilimuuliza.

"Yule mzungu mnunuzi anayekuja kiwandani. Hakuniambia mimi, alimwambia meneja. Wakanitazama, wakacheka."

Nilisita, lakini niliona kumficha ni kumdharau kama wao. "Ni "fat cat", yaani paka mnene, mama. Ndivyo wanavyomwita tajiri wanayemwona ananenepa kwa jasho la wengine."

"Paka," alisema. Alikitazama tena kile kipande cha boksi.

Neno lile lilinichoma na mimi. Baba yangu alikuwa na duka dogo la chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Nilipokuwa shule ya msingi, enzi za Ujamaa, darasani tulichorewa mnyonyaji mwenye tumbo kubwa na mirija mdomoni, na wenzangu wakageuka kunitazama. Baba aliitwa kupe na watu aliowakopesha chumvi. Alifunga duka akarudi kulima pamba, na sikuwahi kumsikia akilizungumzia tena. Sasa nyakati zilikuwa zimebadilika, biashara ilikuwa ruksa, na huyu mama mbele yangu hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Basi nifundishe yote," alisema. "Yote wanayowaita watu wenye mali na wakubwa. Nikisifiwa nijue, nikitukanwa nijue."

Tukaanza. Nilimfundisha "tycoon" na "magnate", yote yakiwa ni tajiri mkubwa, akayapenda kwa uzito wake. "Big shot", mtu mzito, alilitamka bigi shoti. Nilipofika "bigwig", yaani wigi kubwa, nikamweleza kwamba zamani wakubwa wao walivaa nywele za bandia, alicheka mpaka akafuta machozi. "Big cheese", jibini kubwa, lilitushinda wote wawili, maana hakuna aliyewahi kuonja jibini. Kwa "well-heeled", yaani mwenye visigino vizuri, aliinua mguu akanionyesha kisigino kilichopasuka kwa miaka ya kusimama majini.

"Mimi hilo halinihusu," alisema.

Tulipofika "top dog", mbwa wa juu, aliweka kalamu chini. "Mwalimu, kwani hawa wakipata mali wanageuka mbwa na paka?"

Nilikuwa nimeyafundisha maneno hayo miaka yote bila kujiuliza.

Baada ya wiki kama tatu aliniomba nimsindikize kiwandani. Yule mnunuzi alikuwa amekuja, na wachuuzi wote walikuwa wameitwa kuambiwa kwamba bei inashuka kwa sababu samaki wanafika wameanza kulegea. Nilitangulia kukaa na wachuuzi wenzake saba kwenye viti vya plastiki, mbele ya meza ya meneja, yeye akiegesha pikapu nje. Mnunuzi alipomwona mama akiingia, alimwinamia meneja akasema kwa Kiingereza, bila hata kushusha sauti, kwamba paka wetu mnene naye amefika. Meneja akatabasamu.

Mama hakukaa. Alisimama pale pale mlangoni.

"Cat sleep," alisema, polepole, akimtazama mzungu machoni. "Me, I work."

Wachuuzi wenzake hawakuelewa kwamba amesema paka hulala, yeye anafanya kazi, ila walielewa uso wa yule mzungu, uliokuwa umewiva kama nyanya. Mama akaendelea kwa Kiswahili, nami nikitafsiri. Alisema saa hiyo alikuwa ameshavuka maji na kurudi. Alisema samaki wanalegea kwa sababu barafu inabaki kiwandani wakati samaki wako ng'ambo, na kama wanataka samaki wazuri, lori la barafu livuke na pantoni ya kwanza kila asubuhi.

Mnunuzi alisimama akaomba radhi, na akamwita madam.

"Nimepokea," mama alijibu. "Sasa tuongee barafu."

Meneja alijaribu kumwahidi barafu yeye peke yake. Nilimwona mama akikataa kabla sijamaliza kutafsiri. Alitaka barafu ya wote wanane, hata ya yule kijana aliyeanza biashara mwezi uliopita na aliyekuwa akimnyang'anya wavuvi wake. Walibishana hadi adhuhuri. Mwishowe walikubali, na bei haikushushwa.

Lori lilianza kuvuka Jumatatu iliyofuata. Nilikwenda Sengerema kumsalimia mama yangu mzazi nikaliona kwenye pantoni, likidondosha maji, na wachuuzi wakilisubiri upande wa Busisi na magunia yao ya pumba za kufunikia barafu.

Yule mama alirudi tuisheni na daftari jipya. Nilidhani tutaendelea na majina ya matajiri, lakini alisema hayo yanamtosha.

"Sasa nataka maneno ya mikataba," alisema. "Kiwandani wamenipa karatasi nisaini, na sitasaini nisichoweza kukisoma."

Ilituchukua miezi miwili kuimaliza karatasi ile. Alisaini baada ya kufuta mistari miwili aliyoikataa.