Mlango wa Kuinama

Chumba cha chai cha hoteli ile bado kina mlango unaonifika kifuani. Nilipoenda mara ya mwisho kupima mikeka mipya, nilihakikisha kwanza kwamba hakuna aliyeugusa. Naandika habari zake kwa sababu hapa Singida mjini zinasimuliwa vingine: kwamba nilikosea vipimo, kisha nikaona aibu kusema. Sikukosea.

Kazi hii sikuisomea darasani. Nilikuwa mshona mapazia ya nyumba za wageni, na kwa kupima madirisha ya watu miaka mingi nikaanza kuona kasoro za vyumba vyenyewe. Kitabu cha nyumba za Kijapani nilikipata kwa muuza vitabu chakavu. Maandishi yake siwezi kuyasoma, lakini michoro ina vipimo, na tarakimu zao ni hizi hizi zetu. Niliinakili yote kwa rula. Maelezo niliyatafuta kwenye simu, polepole, mpaka nikaelewa kwa nini kila kitu kimewekwa pale kilipo.

Mwenye hoteli, mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti, alitaka kitu ambacho mji huu hauna. Alinionyesha picha ya nyumba ya wageni ya Kijapani akauliza kama naweza. Nikamwambia naweza, ila kwa vitu vya hapa. Mahali pa karatasi wanazobandika kwenye fremu za milango yao niliweka kitambaa cha pamba cha marekani, maana upepo wetu ungezichana karatasi msimu mmoja. Kuta za chumba cha chai nilizikandika kwa udongo. Nguzo niliziacha zionekane. Mlango niliufanya mfupi, kama wao wanavyofanya kwenye vyumba vya chai, ili kila anayeingia ainame, awe tajiri au mchunga mbuzi.

Mwenye hoteli alipouona aliuliza kwa upole, "Fundi, mimi nimelelewa kwenye tembe. Nimejenga ghorofa ili nitoke huko. Wewe unanirudisha?"

Nami nililelewa kwenye tembe, kwa bibi yangu huko Ikungi, chini ya paa la udongo. Watu wa huku wanalionea tembe haya. Mimi sioni kwa nini nyumba fupi ya udongo iwe heshima kwa Wajapani na iwe aibu kwetu. Nilimwambia hivyo, na mlango ukabaki. Lakini alileta maua ya plastiki ya rangi ya waridi ayatundike ukutani. Niliyarudisha ndani ya mfuko wake. Kwenye kishubaka kinachotazamana na mlango niliweka chungu chenye suke moja la uwele.

Kabla ya kufungua, aliwaalika jamaa zake waje kuona. Mkubwa wao alikuwa baba mkwe wake, mzee kutoka Kilimatinde. Asubuhi hiyo, bila kuniambia, mwenye hoteli alipeleka chungu mapokezi, na pale mbele ya kishubaka akamkalisha mhudumu, binti mdogo, ili mgeni apokewe kwa tabasamu. Mzee akavua viatu, akainama, akaingiza kichwa na bega. Binti akiwa ameketi mkekani akasema, "Shikamoo, babu."

Mzee hakuitikia. Akarudi kinyumenyume mpaka akasimama wima nje.

"Yeye ameketi, mimi nimeinama," akasema. "Hapo nani anamwamkia nani?"

Kuna waliocheka, wakaacha walipoona yeye hacheki. Chai aliinywa mapokezi, akiwa amevaa viatu vyake. Mwenye hoteli alikuwa ameaibika mbele ya mkwe, na huku kwetu hilo si jambo la kupuuzwa. Aliniambia kesho mlango unavunjwa, utawekwa wa kawaida.

Kesho yake nilifika kabla ya mafundi. Walipokuja na nyundo na tindo nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti, na kwa ufupi wa mlango ule mtu mmoja anatosha kuuziba. Waliniomba nipishe, nikakataa. Wakaenda kumwita mwenyewe.

"Mama, toka hapo. Ukuta ni wangu."

"Ni wako. Mkwe wako bado yuko mjini. Mlete tena leo. Akikataa kuingia, nyundo nitaishika mimi."

"Na akiingia?"

"Yale maua wape watoto wachezee."

Akawaashiria mafundi wasubiri. Nadhani alitaka kunifukuza, lakini alitaka zaidi mkwe wake aondoke bila kinyongo. Wakati anamfuata, nilirudisha chungu mahali pake, na binti nikamsimamisha nje, kando ya mlango.

Mzee alikuja amekunja uso. Binti akapiga goti, akamwamkia. Mzee, akiwa amesimama wima, akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu." Akavua viatu, akainama, akaingia. Mbele yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na suke la uwele.

Kisha sauti ikatoka ndani. "Uwele huu mmeupata wapi? Wa kwetu ndege wameumaliza." Halafu, "Mkwe, ingia tunywe chai. Na uiname vizuri."

Mwenye hoteli akainama, lakini kidogo mno. Paji lake la uso likagonga mbao, na mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Amesahau tembe huyu," akasema.

Walikaa humo mpaka birika likaisha. Mwenye hoteli alipotoka, akisugua paji lake, aliwaambia mafundi waende. Akanivuta pembeni akaomba niongeze inchi mbili tu juu, kwa ajili ya watu warefu.

Nikakataa.