Hodi Kwenye Theluji

Kuna siku moja huwa hainitoki, mwanangu, na nakusimulia leo kwa kuwa kesho unaanza kazi kwa madam wako wa kwanza. Kaa vizuri, chai bado ipo.

Nilikuwa msichana kama wewe, nimetoka Tanga, nalea mtoto hapa hapa Dubai. Msimu mmoja wa baridi familia ikaenda kutalii Ulaya, mji wa kale milimani, wenye nyumba za mbao na kanisa kongwe, watu wakateleze kwenye theluji. Asubuhi madam akaniuliza, "Utaweza kukaa na Latifa kule wanakochezea watoto? Miwani ya theluji unayo?"

"Yes, madam."

Miwani sikuwa nayo, na theluji niliijua ya kwenye friji tu. Lakini unatujua sisi. Bosi akiuliza, jibu ni hilo hilo, maana tunaogopa kuonekana hatufai.

Jua lilipopanda, weupe ule ukanichoma macho mpaka machozi yakanitiririka. Nikayafumba kidogo. Kufumbua, Latifa hayupo. Watoto kibao mbele yangu, wote wamevaa kofia ngumu na nguo nyekundu za kukodi, nyuso zimefunikwa, na mimi naona ukungu mtupu. Mtoto wa watu, ana miaka minne.

Nikakumbuka mchezo wetu wa nyumbani, mimi napiga hodi mlangoni kwake naye ananikaribisha. Nikapaza sauti bila haya, "Hodiii!" Watu wakanigeukia. Nikarudia. Kutoka kwenye vigari vya kuteleza kikaja kisauti: "Karibu!" Alhamdulillahi, nilimkumbatia nikilia, yeye anacheka.

Madam alipokuja nikamweleza yote, nikijua khalas, narudishwa Tanga. Akampakata mwanawe, kisha akavua miwani yake akanivalisha mimi.

"Miaka miwili unaniambia yes madam," akasema. "Mara ngapi ulikuwa hujui?"

"Nyingi, madam." Na wallahi, nilipolisema hilo nilijisikia kama niliyetuliwa gunia la mkaa kichwani.

Basi mwanangu, usichokijua sema hukijui, na useme mapema, kabla hujakabidhiwa roho ya mtu. Wapo watakaokufokea, waache wafoke, kufokewa kunapita. Mungu akupe waajiri wenye masikio, amlinde kila mtoto utakayemshika mkono, na wewe akurudishe kwa mama yako ukiwa mzima.