Uvimbe Niliouita Msuli

Uvimbe ulipoota shingoni mwangu, upande wa kushoto, niliutambulisha kwa watu kama msuli. Mimi Hopoate, Mtonga wa visiwani, mkazi wa mji wa Logan, niliyewahi kucheza raga safu ya mbele, nikawa nawaambia vijana kanisani: "Shikeni. Hii ndiyo shingo ya mwanamume."

"Msuli wa upande mmoja?" akauliza mke wangu, Seini. "Nenda hospitali, bwana wee!"

Nikaenda dukani kununua shati la kola kubwa.

Muda si mrefu kola hiyo nayo ikakataa kufungika. Seini akanishika mkono, akanipeleka mwenyewe.

Walikata kipande cha uvimbe, wakakipima. Daktari Haskell akatuita.

"Ni limfoma, aina ya saratani ya damu. Kuna chembe nyeupe za damu ziitwazo seli B, kazi yake ni kutengeneza kinga. Moja imeharibika, sasa inajigawa bila breki. Na hii yako ni ya aina kali."

"Kali sana?" Naona haya kusema, lakini nilihisi fahari kidogo. Seini akanifinya paja.

"Sana. Ila ukali huo unatusaidia. Dawa zetu nyingi huua chembe zinazojigawa, kwa hiyo zenye pupa hunaswa kwanza. Dawa nyingine hujibandika kwenye seli B, mwili uzitambue na kuzimaliza."

Siku ya dripu ya kwanza, nesi Joyleen alinieleza habari za dawa nyekundu. Mimi nilikuwa namsimulia raga. Baadaye nikaingia msalani, wodi nzima ikasikia ukelele.

"Damu! Nakufa!"

"Mzee, ni rangi ya dawa tu," akasema Joyleen mlangoni. "Si nilikwambia? Haya, vaa suruali."

Vidonge vya steroidi, vilivyoandamana na dripu, vikanipa njaa ya aibu. Nilimaliza nguruwe aliyechomwa kwa ajili ya wageni kabla hawajafika. Nywele zikapukutika. Kinywa kikajaa vidonda, nikanyamaza, na Seini akasema dawa imeanza kufanya kazi. Lakini homa iliponipanda wakati kinga imeshuka, hakuna aliyetania. Nilimng'ang'ania Seini mkono, naye hakuuondoa.

Matibabu yalipokwisha nikapigwa picha za uchunguzi.

"Hatuoni kitu tena," daktari akasema. "Tutaendelea kukufuatilia."

Nilikuwa nimejiandaa kuwa jasiri. Nikatoka nikilia kwa sauti kubwa hivi kwamba bibi mmoja kwenye foleni alidhani nimeambiwa nikajiandae kufa. Akanikumbatia, akaniombea roho yangu ipokelewe salama.

Nilishindwa kumkatiza. Nikasema amina.