Trekta ya Juu ya Katoni

Mkiniona napita Yamumbi nimeinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sindano, msidhani ni unyenyekevu, ni aibu, na hiyo aibu imeshazeeka kabisa, lakini bado kuna watu pale wakiniona wanauliza, "Wafula, trekta imefika?" na mimi nacheka nao kwa sababu nitafanya nini.

Wakati huo nilikuwa kijana, nakaa chumba kimoja Kimumu, kazi yangu kuandika mabango ya maduka na kuchora kuta (bucha nachora ng'ombe anayetabasamu, sijui anatabasamu kwa nini akijua anapoenda), na kila kazi nikimaliza naandika jina pale chini pembeni, WAFULA ARTS, KIMUMU, kama mafundi wote tulivyofanya, maana simu hatukuwa nayo na hilo jina ndilo lilikuwa linatutafutia kazi nyingine.

Siku moja tajiri wa duka la maredio pale mjini akaniita. Alikuwa ameleta gemu za TV, katoni kumi na mbili, kitu kigeni kabisa Eldoret siku hizo, unaunganisha na TV yako halafu unacheza mwenyewe, badala ya kukaa tu ukiangalia hotuba. Lakini katoni zilikuja tupu, za kahawia, hata picha hazina. Akataka nimchoree bango la mlangoni na karatasi ya kubandika kwa kila katoni.

"Andika ni mpira wa meza," akaniambia.

(Gemu yenyewe sikuiona, na sikuomba kuiona. Hapo ndipo nilipoanza kujichimbia kaburi.) Nikamwambia, "Tajiri, hapa watu wanalima mahindi, nani anataka mpira wa meza? Niachie mimi." Nikamchorea trekta nyekundu inapasua shamba, udongo unaruka, dereva na kofia yake, nyuma mahindi marefu kushinda mlingoti wa bendera. Tajiri akaangalia, akacheka, akasema bandika.

Wambui alinikuta nikichora. Huyo ndiye msichana niliyetaka kumuoa, alikuwa anasomea taipu mjini na kukaa kwa shangazi yake, kwao Yamumbi anaenda mara moja moja.

"Kwani ndani kuna trekta?" akaniuliza.

"Ndani kuna gemu."

"Mtu hununua aina ya kitu anachopenda, Wafula. Wa mpira atanunua mpira. Sasa huyu wa trekta akifika nyumbani akute mpira, utamwambia nini?"

Nikamwambia mambo ya biashara awaachie wenyewe, mtu hanunui aina, mtu hununua picha, na akishafika nyumbani hiyo ni shauri yake. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Na wiki haikuisha kabla katoni hazijaisha, tajiri akaniambia ya mwisho ilichukuliwa na mzee mmoja wa Yamumbi ambaye aliitazama ile trekta mpaka akavua kofia. Nilimcheka huyo mzee mpaka nikashika ukuta. Haikunipitia akilini kuuliza ni mzee gani, Yamumbi ina wazee wengi.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa siku yangu ya kujulikana kwa kina Wambui. Mambo yalikuwa magumu, kwa sababu mimi ni mtu wa huku magharibi na wao ni watu wa kule Mlima Kenya, na babake, Mzee Mwangi, mwenye duka na shamba la mahindi, alikuwa amesema wazi ataniangalia mara moja tu, na asiporidhika hayo maneno yaishe siku hiyo hiyo. Kwa hivyo nikaazima koti la jirani yangu mwalimu (mikono ilinifika kwenye vidole) na nikamchukua baba yangu mdogo, Mzee Wekesa, awe msemaji, maana kijana hajisemei.

Tulikuta sebule imejaa. Nikafikiri, kumbe wamekuja kunitazama mimi wote hawa. Wazee wa kanisa, majirani, akina mama mlangoni, na mezani TV, chini yake betri ya gari. Baba mdogo hakungoja chai itoke jikoni, akasimama, akaanza, "Huyu kijana wetu si mtu wa kubahatisha. Ana kampuni. Wafula Arts, mji mzima unaijua." Wazee wakatikisa vichwa. Mzee Mwangi akafurahi, akasema basi leo ni siku njema, na kabla hatujaongea mengine anataka wageni waone kitu alichonunulia vijana wake wajifunze kulima bila kumaliza dizeli. Akaingia chumbani, akatoka na katoni. Juu yake, trekta yangu.

Wambui alikuwa anatoka jikoni na birika, akaiona, akageuka akarudi jikoni na birika lake. Nikaomba Mungu mtu asisome pale chini. Lakini baba mdogo, ambaye hakujua lolote, akavaa miwani, akainama, akapaza sauti kwa furaha, "Si niliwaambia? Hata hapa jina lake liko!"

Wote wakanigeukia kwa heshima. Mzee Mwangi akanishika mkono na mikono yote miwili. Hapo ndipo ningesema ukweli, na sikusema.

TV ikawashwa. Ikatokea giza, fimbo nyeupe huku, fimbo nyeupe kule, na nukta moja inaenda na kurudi, tik, tik, tik.

"Trekta iko wapi?" Mzee Mwangi akauliza.

"Labda ni hiyo ndogo," mzee mmoja wa kanisa akasema. "Iko mbali. Inalima kutoka ua huu mpaka ule."

"Inalima haraka sana," mwingine akasema, na nikaona kweli anaistahi.

"Lakini mbona haiachi mfereji?"

Macho yakarudi kwangu, mwenye kampuni. Na mimi, badala ya kufunga mdomo, nikasema, "Mzee, trekta inatoka mtu akishinda."

Jamani. Walicheza saa nzima. Wazee wazima wameshika vile vishikio vya kuzungusha, jasho linatoka, wakipiga kelele "lima, lima," wakipokezana na kuanza upya kabla mtu hajafika mwisho, na mimi nimekaa ndani ya koti la mwalimu nikingoja trekta ambayo najua haiko. Mwishowe Mama Wambui, aliyekuja kuchukua vikombe, akasema hebu nijaribu, akakaa chini, akawachapa mmoja baada ya mwingine mpaka akafika kumi na tano. Ameshinda. Chumba kizima kikasogea mbele kuona trekta ikitoka. Ile kitu ikaandika sufuri kwa sufuri, ikaanza upya.

Mzee Mwangi hakukasirika, ingekuwa afadhali. Alizima TV, akaiweka katoni katikati yetu, akaniangalia kutoka viatu mpaka kola.

"Kijana, ya nje nimeiona, na umeichora vizuri. Hata wewe nje nimekuona. Sasa niambie, ndani kuna nini?"

Baba mdogo akafungua mdomo, Mzee akamwonyesha kiganja. Nikatazama mlango wa jikoni, Wambui alikuwa amesimama pale, hacheki hata kidogo. Nikavua koti.

"Hili ni la jirani," nikasema. "Kampuni ni mimi peke yangu, na brashi tano na baiskeli. Chumba ni kimoja. Hiyo gemu ni mpira wa meza, sikuwa nimeiona, nilichora trekta kwa sababu trekta inauza. Lakini Wambui nampenda, na hiyo sijachora."

Mama Wambui, bado ameshika kishikio, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na kicheko chake kikazunguka chumba chote mpaka kikamfikia mzee.

"Sasa ndio umefika," Mzee Mwangi akasema. "Kunywa chai. Jumatatu uende ukaandike bango la ukweli, na jina lako uliweke kubwa."

Nilikwenda. Nikachora fimbo mbili na nukta, MPIRA WA MEZA, HAKUNA TREKTA, na jina langu lilionekana kutoka ng'ambo ya barabara. Tajiri alinuna mwezi mzima, maana katoni mpya alizoleta zilipata wanunuzi wachache, ingawa hakuna hata mmoja aliyerudisha. Ya Mzee Mwangi pia haikurudi, Mama alikataa, na hakuna mtu Yamumbi aliyewahi kumshinda.

Picha huuza, hilo bado sikatai. Lakini tangu siku hiyo sijachora kitu ambacho sijafungua nikaona, hata kama ni mkebe wa chumvi. Na siku tuliyorudi kwa mambo ya mahari, baba mdogo alisimama, akakohoa, akaanza, "Kijana wetu huyu..." na Mzee Mwangi akamkatiza pale pale, "Wekesa, leo tuanze na ya ndani."