Makala Yenye Kiu

Mama Sidonie wa Bihambwe alikuwa na kashamba kamoja tu, na kalikuwa kamechoka. Maharage yalitoka membamba, yakakata tamaa kabla ya kufika nusu ya miti ya kuyashikilia. Ndipo agronome mmoja, bwana shamba Papa Viateur, akamfundisha kuchoma mabua ndani ya pipa lililofungwa vizuri mpaka yawe makaa, au makala kama wasemavyo kule.

"Ile nguvu yenye ingepotea na moshi, tunaifunga mu makala," alimwambia. "Kisha makala inywe mukojo ya ngombe miezi mbili, ndipo uitie mu shamba. Bila ile, iko na kiu mubaya, itanyonya udongo wako."

Magunia sita yakajaa. Kabla hajayanywesha, vita ikapanda kilima. Miaka ile kila mtu aliyekimbia alizika kwanza vitu vyake: sufuria, majembe, hata mabati. Sidonie aliwaza kwamba askari watapikia makala yake, basi akayafukia shamba zima, mstari kwa mstari, makavu vilevile, akashika njia ya Ntoto.

Alirudi baada ya majuma matatu. Akasema moyoni mvua imekwisha kuyanywesha, akapanda mbegu yote iliyobaki. Maharage yaliota, yakageuka manjano. Viateur wa kuulizwa hakuonekana tena, na ng'ombe wa kijiji walikuwa wameliwa wote.

Basi akachukua bidoni, dumu lake la maji, akapita mlango kwa mlango kuomba mkojo wa watu. Jirani yake, bibi Mukasine, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wengine wanaomba chumvi, weye unaomba ile? Ngojea ninywe maji kwanza, mutoto yangu."

Akampa, na kesho yake akampa tena. Sidonie aliuchanganya na maji, akamwaga mstari kwa mstari, na nyuma yake majani yakarudi kijani. Ilibaki mistari minne ya chini, risasi zikalia upande wa Nyamitaba.

Watu wakakimbia tena, lakini miguu ya Mukasine haikuweza safari. Sidonie akamwachia bidoni.

"Ile mistari mine ya chini haijakunywa, mama."

"Na nani atavuna?"

"Mwenye atabakia."

Huko Ntoto aliuliza kila aliyefika nyuma yao. Wa mwisho alimwambia maharage yamezaa sana, mpaka mistari ya chini kabisa, na maganda yanapasuka yenyewe juani. Sidonie akauliza habari za Mukasine. Yule mtu akasema alipita pale siku mbili mfululizo, na hakuona moshi wa kupikia kwenye nyumba ile.